Maji na Neno katika Mchezo wa Kinjeketile

Msomaji, mtu akiwa peke yake porini usiku huujua woga wake vizuri. Huusikia magotini, kifuani na kooni. Lakini mchukue mtu yule yule, umtie kati ya watu elfu waimbao wimbo mmoja, na woga ule utakuwa kama kitu alichokisahau nyumbani pamoja na jembe lake. Majemadari wa kila taifa walilijua jambo hili tangu kale. Ndiyo maana askari hufundishwa kwenda hatua moja, huvikwa nguo za namna moja, na hupigiwa ngoma au baragumu. Silaha hupiga mwili wa adui, lakini kabla haijainuliwa yapasa kwanza uinuliwe moyo wa yule aishikaye. Nani huuinua moyo huo? Huuinua kwa neno gani? Na neno hilo likiwa si kweli, deni lake hulipwa na nani?

Maswali haya matatu yamo ndani ya mchezo mmoja wa kuigiza ambao ni fahari ya Kiswahili. Jina lake ni Kinjeketile, na mtungaji wake ni Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani ya kusini ya Tanzania. Ulipigwa chapa mwaka 1969. Habari yake ni Vita vya Maji Maji vilivyopiganwa baina ya wenyeji na Wajerumani katika Tanganyika ya kusini tangu 1905 hata 1907. Wanafunzi wengi huusoma mchezo huu kama kitabu cha historia, wakakariri majina na tarehe, kisha wakaufunga. Mimi nakuomba uusome kwa namna nyingine: usome kama uchunguzi wa moyo wa watu wengi wanapotaka kuwa jeshi moja.

Yafaa kwanza tutenge historia na mchezo, maana mtungaji mwenyewe alionya kuwa mtu wake ni kiumbe cha mawazo. Katika historia mtu huyu huitwa Kinjikitile Ngwale. Alikaa Ngarambe, na habari zake zilienea kuwa alipagawa na pepo aitwaye Hongo, akazama majini, kisha akatoka nguo zake zikiwa kavu. Watu walimwendea kwa makundi kupewa dawa ya maji ambayo ingewakinga na risasi. Sababu ya kuitafuta dawa hiyo haikuwa ndogo. Wajerumani walikuwa wamewatia watu katika kazi ya lazima ya mashamba ya pamba, kodi ilikuwa nzito, na viboko vilikuwa vingi. Mwezi wa Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba, na kitendo hicho kilikuwa ndiyo mbiu ya vita. Kinjikitile alikamatwa akanyongwa huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga. Lakini maji yake yalimshinda mnyongaji kwa mwendo. Katika muda wa majuma machache yalifika Liwale, Uluguru, bonde la Kilombero, Mahenge na Ungoni, yakaunganisha zaidi ya makabila 20 ambayo hayakuwa yamepata kuwa na mfalme mmoja.

Hapo ndipo penye ajabu inayomvuta mtungaji. Bunduki za Wajerumani zilikuwa chache kuliko mikuki ya wenyeji. Kilichowashinda wenyeji mwanzoni kilikuwa kutokuaminiana. Tazama jinsi mchezo unavyoanza. Kabla ya kusikia habari za vita, twawasikia wanawake wakizungumza habari za njaa. Baadaye twawaona wanaume wakikutana kwa siri, kila mmoja amwogopa mwenzake kuwa atakwenda kusema. Mtungaji amewaita baadhi yao kwa makabila yao: huyu Mkichi, huyu Mngindo, yule Mzaramo. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kwa nini watu hawa hawakupewa majina ya kwao. Nilimjibu kwamba bado hawajawa watu wa jambo moja. Kila mmoja anapofungua kinywa, linalosema ni kabila lake na kijicho chake cha zamani. Wote wanachapwa kiboko kile kile, lakini kila mgongo hulia peke yake.

Jifunze jambo la kwanza hapa. Mateso ya pamoja peke yake hayafanyi jeshi. Watu waweza kuteswa pamoja miaka mingi wakabaki wametengana, tena mateso huweza kuwafanya wachongeane ili kila mmoja apunguziwe fimbo. Pamoja na mateso lazima liwepo jambo litakalomfanya kila mtu ajue kuwa mwenzake naye amekwisha kuamua. Mimi sitatoka nje ya nyumba yangu ikiwa nadhani nitakuwa peke yangu njiani. Nikiona milango yote imefunguka, nitatoka. Mwenye kuongoza vita hutafuta ishara ya kufungua milango yote kwa mara moja.

Katika mchezo, ishara hiyo ni maji. Kinjeketile anavutwa mtoni mbele ya macho ya watu. Wamdhani amekufa. Anapotoka hai, mdomo wake una habari mpya: watu wote ni wamoja, na maji haya ni dawa. Angalia kuwa habari ya umoja na habari ya dawa zimefika pamoja, katika pumzi moja. Laiti angalisema habari ya umoja tu, pengine wazee wangalitikisa vichwa na kurudi makwao, maana nasaha ya umoja walikwisha kuisikia mara nyingi. Dawa ndiyo iliyoipa nasaha mwili. Mtu aliyekunywa maji, au aliyenyunyiziwa, alikuwa na kitu cha kuonyesha. Aliweza kumtazama mtu wa kabila jingine, asimjue jina wala lugha, akajua kuwa huyu naye ameyapokea. Nguvu ya maji ilikuwa katika macho ya wale waliotazamana baada ya kuyapokea.

Kinjeketile wa mchezo anaanza kuijua siri hiyo, na kuijua ndiko kunakomsumbua. Alipokuwa amepagawa alisema neno jingine: kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani Sultani wa Unguja. Akili zake zinapomrudia analipima neno hilo naye ashtuka. Je, wamtoe Mjerumani shingoni ili waingie chini ya Mwarabu? Pepo gani huyo anayewakomboa watu kwa mkono mmoja na kuwauza kwa mkono wa pili? Tangu hapo hana amani. Analo neno ambalo watu wanalipenda, naye mwenyewe halipendi tena lote. Watu wamekwisha kulichukua. Limekua kubwa kuliko mdomo uliolizaa. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na katika mchezo huu neno na maji ni kitu kimoja.

Msomaji, nataka usimame kidogo hapa, maana hapa ndipo mchezo unapopita kimo cha hadithi ya mashujaa. Ni rahisi kutunga habari ya mganga mwongo aliyewadanganya wajinga. Wajerumani waliitunga hiyo. Ni rahisi pia kutunga habari ya shujaa asiye na doa. Ebrahim Hussein amekataa njia zote mbili. Amempa Kinjeketile moyo wa kweli na neno lenye ufa, kisha akamwacha auone ufa huo wakati ambapo watu elfu wamekwisha kuegemea.

Pembeni mwake yuko Kitunda. Huyu naye ameonja uchungu, kwa kuwa binti yake Chausiku ametendwa uovu na watu wa serikali ya Kijerumani. Ungedhani kuwa mtu wa namna hii ndiye atakayekuwa wa kwanza kukimbilia vita. Lakini Kitunda ni mtu wa kazi ya vita. Anataka watu wafundishwe, wajue kutii, wajue kungoja. Kinjeketile naye ataka wangoje. Kwa hiyo tunao viongozi wawili wanaosema ngojeni, na umati unaosema sasa. Jeshi lililopewa moyo kabla ya kupewa maarifa halikubali kungoja. Kila siku inayopita bila vita inaonekana kwao kama usaliti. Wanawauliza viongozi: ikiwa risasi ni maji, mnangojea nini? Na kwa kweli swali lao lina haki. Aliyewaambia kuwa hawatakufa hana hoja ya kuwazuia. Moto aliouwasha ndio unaomchoma. Hivyo anayeongozwa ameanza kumwongoza kiongozi, na vita vinaanza kabla ya wakati wake.

Niruhusu nikusimulie jambo dogo la maisha yangu, si kwa kujisifu, maana halina sifa. Nilipokuwa mwanafunzi wa kidato cha pili, usiku mmoja ilienea habari bwenini kuwa mwenzetu aliyepelekwa hospitali amefariki kwa sababu ya kucheleweshwa. Hakuna aliyeuliza habari ilitoka kwa nani. Tulitoka nje kwa wingi. Jiwe la kwanza sijui lilitoka mkono gani, lakini jiwe mojawapo lilitoka mkono wangu, likavunja kioo cha chumba cha kulia. Jumatatu yake mwenzetu alirudi shuleni na bandeji mguuni, akatuuliza vioo vimevunjwa na nani. Sijasahau uso wake. Mimi niliyekuwa naogopa hata kuchelewa darasani nilipata wapi ule ujasiri? Haukuwa wangu. Niliazimwa na umati, na asubuhi umati ukautaka urudishwe, nikabaki na jiwe langu. Kila niusomapo mchezo huu na kufika mahali watu wanapokataa kungoja, namkumbuka yule mwenzetu na bandeji yake.

Hata hivyo usikimbilie kusema kuwa kila neno la kuwaunganisha watu ni hatari. Hapa Kenya, miaka michache baada ya Maji Maji, Wagiriama walisimama dhidi ya serikali ya Kiingereza iliyotaka kodi na vijana wa kufanya kazi. Mwaka 1913 mwanamke aitwaye Mekatilili wa Menza aliwakusanya watu kwa ngoma na maneno, nao wakala viapo katika Kaya Fungo, wanawake kiapo chao na wanaume kiapo chao. Waingereza walimkamata wakampeleka mbali, na mwaka 1914 waliilipua kaya hiyo kwa baruti. Kwa nini watu wenye bunduki wapoteze baruti kwa kupiga miti na mawe? Walijua kuwa moyo wa watu umewekwa pale.

Sasa pima kiapo na dawa katika mizani moja. Vyote viwili huwakusanya watu na kuwatia alama moja. Lakini kiapo humwambia mtu: utaumia, na ukiumia usigeuke. Dawa ya maji ilimwambia: hutaumia. La kwanza humtaja gharama kabla hajanunua. La pili huificha gharama. Kiapo hakivunjwi na maiti ya kwanza. Pengine huzidi kukazwa. Bali dawa inayokanusha kifo hupata jaribu lake siku ile ile mtu wa kwanza anapoanguka.

Jaribu hilo lilikuja. Mwezi wa Agosti 1905 wapiganaji waliliteka boma dogo la Liwale, na imani yao ikapanda. Tarehe 30 mwezi huo huo Wambunga na Wapogoro kwa maelfu waliliendea boma la Mahenge mchana kweupe. Huko kulikuwa na bombomu, yaani bunduki zinazotema risasi mfululizo. Walianguka safu baada ya safu. Wengine walisema waliokufa walivunja miiko, kwa maana dawa ilikuwa na masharti yake: wasiibe mali na wasikaribie wanawake wakati wa vita. Ndivyo ilivyo tabia ya imani ya kundi. Ikipata dosari hutafuta kwanza mkosaji ndani ya kundi, kabla ya kuichunguza imani yenyewe.

Lakini jambo la pili ni kubwa zaidi, na ndilo linaloupa mchezo haki. Baada ya Mahenge watu walijua kuwa risasi si maji, na bado vita viliendelea hata 1907. Walibadili namna ya kupigana. Waliacha kwenda wazi kwa makundi makubwa, wakawa wanavizia porini. Kama nguvu yao ingalikuwa katika dawa peke yake, wangalirudi nyumbani mwezi wa Septemba. Kitu gani kiliwashika? Naona kuwa kilikuwa kile walichokipata walipotazamana. Dawa ilikufa, umoja ukabaki umesimama peke yake, bila gongo. Hata Wajerumani walilitambua hilo, na mkakati wao ukawa wa kuuvunja moyo huo. Waliwanyonga viongozi mbele ya watu, na huko Songea mwaka 1906 wazee wa Wangoni walinyongwa kwa makumi. Kisha walichoma vijiji, vyakula na mashamba, ili njaa imfanye kila mtu amfikirie mwanawe peke yake. Serikali ya Kijerumani ilikiri vifo vya watu 75,000. Wataalamu wa baadaye wamekisia 250,000 na zaidi, wengi wao kwa njaa. Wazungu waliokufa katika vita hivyo walikuwa 15.

Tarakimu hizo ziweke mbele yako unapofika mwisho wa mchezo. Katika historia Kinjikitile alinyongwa mapema, hakuona Mahenge. Mtungaji amembakiza hai mpaka watu wameshindwa, akamtia gerezani pamoja na Kitunda. Wengine humlaumu kwa kuipinda historia. Mimi naona hapa ndipo alipofanya kazi ya mtungaji kwa ukamilifu. Alitaka mwenye neno aishi hata ayaone malipo yake. Wajerumani wanamtaka aseme kuwa maji yalikuwa uongo. Anakataa. Yuajua walivyokufa watu, lakini anajua pia kuwa akisema hivyo, kesho watoto wataambiwa kuwa baba zao walikosea hata kupigana. Adui angepata kwa kinywa chake ushindi ambao bombomu haikuweza kuuleta. Kwa hiyo anakilinda kile kilichokuwa kweli ndani ya uongo, yaani umoja, na anakubali kufa nacho.

Je, alitenda vyema? Nimekwisha kulijadili swali hili na wanafunzi wangu mara nyingi chuoni, na kila mwaka darasa hugawanyika. Jawabu langu ni hili. Alikuwa na haki kumnyima Mjerumani neno lile. Lakini deni lake kwa wale walioanguka halikufutwa na ushujaa wake wa mwisho. Alikuwa na wakati, alipoanza kuona shaka, wa kuwaambia watu wake: umoja wenu ni kweli, ila risasi nayo ni kweli. Huenda wangalimtupa. Huenda nusu yao wangalikimbia. Nusu iliyobaki ingalikuwa jeshi lijualo liendako. Ukweli ulihitaji muda, na uongo ulifika kwa mbio. Mchezo huu ni tanzia kwa sababu hiyo.

Haifai mhakiki asifu tu. Mchezo una kasoro zake. Wanawake waliotufungulia habari kwa mazungumzo ya njaa hupewa nafasi ndogo vita vinapokaribia, ilhali njaa ndiyo iliyokuwa silaha ya mwisho ya vita hivyo, na waliobeba njaa hiyo walikuwa wao. Tena wale walioitwa kwa makabila yao wangalipewa majina wanapokwisha kuungana; ingalikuwa ishara nzuri ya badiliko lao. Lakini kasoro hizi ni za nguo, si za mwili. Lugha ya mchezo ni nyepesi na kali, nayo humwacha mtazamaji na swali ambalo hawezi kuliacha mlangoni.

Wewe msomaji huenda usipewe jeshi la kuongoza maishani mwako. Bali utapewa kundi. Litakuwa bweni, timu, chama, au mtaa mzima wakati wa uchaguzi. Neno litakujia likiwa limekwisha kupita midomo mingi, nalo litakupa ujasiri ambao hukuwa nao jana. Usilikatae kwa kuwa linakuunganisha na wenzako, maana bila neno la namna hiyo hakuna jambo kubwa lililopata kufanywa na wanadamu. Liulize swali moja tu: je, limenitajia gharama? Likikuambia utaumia, na kwa nini yafaa uumie, lipime kwa akili zako na ukiona lina haki simama nalo. Likikuapia kuwa hutaumia kamwe, wakumbuke watu wa Mahenge waliokwenda mchana kweupe, na usiinue mguu mpaka umjue aliyelisema.